Gogo Namba Tisa

Leo tumeyafungulia maji yaende zake.
Yamechukua saa tano kuisha,
na chini, katika tope la kijani, nimeokota
sarafu za kujaza ndoo mbili,
pete iliyochorwa "Opal, 1974",
na meno ya bandia, ya juu tu.
Mwenyewe alikuwa akicheka, au akilia.
Pale mteremkoni huwezi kutofautisha.

Babu yangu Torvald hakuyajua maji ya mchezo.
Alikuwa mlinzi wa mfereji:
maili kumi na moja za mbao
zilizokutanishwa kama viganja vya mtu anayeomba maji,
kutoka theluji ya mlima Sorrel
mpaka kwenye misumeno ya kiwanda, bondeni.
Alitembea juu ya ubao mmoja, upana wa unyayo,
mkononi mti wenye ndoana ya chuma,
kwa maana gogo likikwama
la nyuma hulipanda, la tatu huyapanda yote mawili,
mbao hutoa sauti kama kohozi,
na nusu ya msitu humwagika korongoni.

Jumamosi moja, mwaka 1909,
Anselm Rideout alipanda gogo
kwa dau la dola mbili na kofia.
Maili tisa walimsikia akiimba.
Ya kumi, hapana.
Gogo lilifika kiwandani kwa wakati wake.
Kofia ilitundikwa msumarini kwetu
na hakuna mtoto aliyethubutu kuijaribu.

Kisha malori. Mfereji ukaoza ukisimama,
majirani wakaung'oa wakajengea mabanda ya kuku.

Mwaka 1966 akaja Bwana Lyman Prewitt,
mwenye farasi wa mbao wanaozunguka na deni benki.
Akala vipande vitatu vya pai ya mama,
akamuuliza babu: "Kuteleza kulikuwaje?"
Babu akajibu: "Muulize Anselm."
Prewitt hakuelewa. Alikuwa tayari anachora
kwenye kitambaa cha meza, kwa kalamu ya wino.
Mama hakumsamehe.

Siku ya ufunguzi walimkalisha babu mbele,
nyuma yake malkia wa maonyesho ya matufaha.
Mpiga picha akamwambia: "Piga kelele, mzee!"
Alishuka kimya kama gunia la shayiri,
akatoka amelowa mpaka ndevuni, akauliza:
"Na hawa watu wanalipa?"
Senti thelathini na tano, wakamwambia.
Alicheka hata tukamshika mikono asianguke.
Usiku ule aliitoa kofia msumarini.
Sijui aliipeleka wapi.

Mimi nilianza kwa kuchana tiketi,
nikaishia kwenye pampu, miaka thelathini na minne.
Magogo yetu yalikuwa ya plastiki ngumu,
ishirini na mawili, yenye gome la rangi
na nundu alizozibuni mtu ambaye hajawahi kukata mti.
Maji yalikuwa yaleyale, yakipanda, yakishuka.
Maji ya kifuu, bahari ya chungu,
na chungu walipanga foleni mpaka maegesho.

Kulikuwa na kijana aliyerudi kutoka vitani Vietnam.
Alipanda mara arobaini kwa siku moja,
hakufumba macho, hakufungua kinywa.
Baada ya ya kumi tuliacha kumdai tiketi.
Jioni alinishika mkono, mkono wenye grisi,
akasema, "Basi," akaenda.

Gogo namba tisa lilivuja tangu kuzaliwa.
Tuliziba kwa lami, kwa gundi, kwa matusi.
Tuliwapakia humo wembamba na wavumilivu.

Wiki iliyopita kampuni iliyotununua
ilipiga mnada kila kisichopigiliwa.
Namba tisa amelichukua Thurman Ekdahl
kwa dola sitini, awanyweshee ng'ombe wake.
Nimepita leo nikitoka kazini, kazi ya mwisho.
Ng'ombe mwekundu aliinua kidevu, kikidondoka,
akanitazama mimi na ndoo zangu za sarafu.
Chini yake udongo ulikuwa umelowa.
Bado linavuja.